Kipi Kiwe cha Msingi? Uteuzi wa Maktaba katika Mazingira ya Kuundia Programu kwa Mtazamo wa Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanajadili vigezo vya kuamua maktaba zipi za msimbo ziingizwe katika mazingira ya chaguo-msingi ya kuundia programu, yaani zile ambazo mwandishi wa programu anazikuta kwenye kompyuta kabla hajapakua chochote. Mjadala huu umeendeshwa kwa miaka mingi na watunzaji wa lugha za programu wanaoishi kwenye intaneti ya kudumu, na mwelekeo wa sasa ni kupunguza. Kwa kutumia mfano wa mipaka mipya ya kiutawala ya Burundi, iliyoiondoa Muyinga katika orodha ya mikoa na kuipanua Gitega, makala yanadai kwamba vigezo viwili vina uzito kuliko vingine: kasi ya kubadilika kwa kile kilichomo ndani ya maktaba, na gharama ya kukipata kinapokosekana. Makala yanapendekeza ngazi tatu za uteuzi na yanaeleza wajibu wa taasisi za umma, hasa katika ngazi ya pili.

1. Utangulizi

Kila lugha ya programu humfikia mtumiaji wake ikiwa na shehena fulani. Anayesakinisha Python anapata, pamoja na lugha yenyewe, maktaba za kusoma majedwali, kukokotoa tarehe, kuhifadhi data katika hifadhidata ndogo, kubana mafaili na kutuma barua pepe. Anayesakinisha Rust hapati hata maktaba ya kuzalisha namba za nasibu. Tofauti hiyo iliamuliwa na watu, na uamuzi wao unasafiri hadi kwenye kila kompyuta ambako lugha hiyo inatumika, ikiwamo kompyuta ya ofisi ya takwimu za afya au ya shule ya ufundi katika maeneo ya ndani ya Burundi.

Maktaba, kwa maana ya makala haya, ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambao mwandishi wa programu anauita katika kazi yake badala ya kuuandika upya. Ufafanuzi huu unahitajika kwa sababu neno lenyewe lina wenyewe. Ukitaja maktaba ya Muyinga mbele ya wasanifu majengo, watafikiria jengo la matofali ya udongo ulioshindiliwa lililokamilika mwaka 2012 kwa ajili ya watoto viziwi, jengo ambalo picha zake zimezunguka dunia. Hiyo ni maktaba ya vitabu, na hatutairejea.

Swali la maktaba zipi ziwe za chaguo-msingi limezoeleka kuachiwa mafundi. Hatukubaliani na mazoea hayo. Serikali ya Burundi, kama zilivyo serikali nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, inazidi kuendesha kazi zake kwa programu; Wizara ya Afya, kwa mfano, hukusanya takwimu za vituo kupitia DHIS2, mfumo huria uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Kandokando ya mifumo mikubwa ya namna hiyo kuna programu ndogondogo zisizo na jina, zinazoandikwa na wataalamu wa ndani ili kusafisha data, kuziunganisha na kuzichapisha. Programu hizo huandikwa kwa kile kilichokuwapo kwenye kompyuta siku ile. Kwa hiyo anayepanga kilichokuwapo anashiriki, hata bila kukusudia, katika kupanga ubora wa takwimu ambazo washauri wa sera wanaletewa mezani.

2. Kuongeza na kupunguza: mabishano ya watunzaji wa lugha

Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, ilijijengea sifa ya kuuzwa, kama wasemavyo wenyewe, betri zikiwa zimo ndani. Falsafa hiyo iliisaidia sana kuenea. Maktaba ya hifadhidata ya SQLite iliingizwa mwaka 2006, ile ya kusoma data za muundo wa JSON mwaka 2008, na kwa miaka mingi kuingizwa katika shehena rasmi kulihesabiwa kuwa heshima kwa mtunzi wa maktaba.

Upepo umegeuka. Pendekezo lililojulikana kwa namba 594, lililoandikwa kwanza na Christian Heimes mwaka 2019, lilitaka betri zilizokufa zitolewe. Lilikubaliwa mwaka 2022, na toleo 3.13 la Oktoba 2024 lilitoka bila maktaba 19 zilizokuwamo kabla, zikiwamo za kushughulikia miundo ya sauti isiyotumika tena na itifaki ya telnet. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: maktaba iliyomo ndani ya lugha haiwezi kutoa toleo jipya isipokuwa lugha nzima itoe, kosa lake linasubiri, na watunzaji ni wachache, wengi wao wakijitolea. Kwa sababu hizohizo maktaba mashuhuri ya Requests, inayotumiwa kuwasiliana na tovuti, ilijadiliwa mwaka 2015 na kuachwa nje, kwani masuala ya usalama wa mawasiliano yanahitaji masahihisho ya haraka kuliko kalenda ya lugha inavyoruhusu.

Haskell ilipita njia inayofanana. Jukwaa lake lililokusanya maktaba pamoja, lililoanza mwaka 2009, limeachwa, na watumiaji sasa wanaelekezwa kwenye chombo kidogo cha kusakinisha kinachowaacha wachague wenyewe. Rust iliamua mapema, kabla ya toleo lake la kwanza thabiti la mwaka 2015, kubaki na msingi mwembamba. Go imekwenda kinyume: tangu toleo la kwanza la mwaka 2012 ina msingi mpana unaojumuisha mawasiliano ya wavuti na usimbaji fiche, pamoja na ahadi kwamba msimbo wa zamani utaendelea kufanya kazi. Lakini nyuma ya Go iko Google inayolipa watunzaji mishahara. Nchi ambayo haina wa kuwalipa haiwezi kuiga upana huo kwa sababu tu umeonekana kufanikiwa mahali pengine.

Chini ya hoja zote za kupunguza kuna dhana ambayo haitamkwi, kwamba kisichomo kinapatikana papo hapo. Tangu mwaka 2014 Python husakinishwa pamoja na pip, chombo cha kuleta vifurushi kutoka hazina ya mtandaoni yenye vifurushi zaidi ya laki tano. Kwa mtu aliye na intaneti, shehena yake halisi ni hazina yote hiyo. Kilichomo kwenye usakinishaji ni mlango tu. Kwa mtu asiye nayo, usakinishaji ni shehena yote.

Burundi imo kati ya hali hizo mbili, na si kwa usawa. Nyaya za nuru za mfumo wa taifa zimeunganisha miji mikuu ya mikoa ya zamani, na Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu uamuzi wa mwisho wa mwaka 2018, imenufaika kwa kuhamiwa na taasisi. Hata hivyo ni takribani mtu mmoja tu kati ya kumi nchini aliye na umeme, na mtaalamu kijana aliye mbali na ofisi kubwa mara nyingi anafanya kazi kwa bando la simu alilolinunua mwenyewe. Kwake, maktaba ya megabaiti themanini inashindana na matumizi ya nyumbani. Ataiacha, na ataandika mwenyewe kipande cha msimbo cha kufanya kazi ileile, kwa makosa ambayo maktaba ile ilikwisha kuyasahihisha miaka kumi iliyopita.

3. Gitega ileile, Gitega nyingine

Mfano utakaotuchukua muda mrefu zaidi ni wa orodha ya mikoa, kwa sababu hakuna unaoonesha vizuri zaidi kwa nini ukubwa wa shehena si kipimo kinachotosha.

Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, yaani Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na tarafa zake, ziitwazo komini, kutoka 119 hadi 42. Mpango huo ulianza kutekelezwa mwaka 2025 pamoja na uchaguzi wa Juni. Muyinga, iliyokuwa mkoa, sasa ni komini katika Buhumuza, pamoja na maeneo yaliyokuwa mikoa ya Cankuzo na Ruyigi. Gitega imebaki mkoa na imebaki na jina lake, lakini imechukua maeneo yaliyokuwa ya Karuzi, Muramvya na Mwaro. Miaka kumi tu kabla ya hapo, mwaka 2015, orodha ilikuwa imebadilika kwa kuundwa mkoa wa Rumonge.

Katika programu, orodha kama hiyo huja ndani ya maktaba. Zipo maktaba zinazobeba viwango vya kimataifa vya majina ya nchi na sehemu zake, na humo mkoa wa Muyinga ulipewa alama BI-MY na Gitega BI-GI. Mwandishi wa fomu ya kusajili wagonjwa huiita maktaba, anapata orodha, na anaamini kwamba kazi imekwisha. Tuchukulie sasa kwamba maktaba hiyo iliwekwa kwenye kompyuta za mkoa mwaka 2022 kama sehemu ya mazingira ya chaguo-msingi, na kompyuta hizo hazijaunganishwa na intaneti tangu hapo.

Kwa Muyinga athari inaonekana upesi. Fomu inauliza mkoa; karani aliyeagizwa kuandika Buhumuza haioni kwenye orodha; anapiga simu Gitega, na kasoro inajulikana. Programu imegoma, na katika kazi ya takwimu programu inayogoma ina faida yake.

Kwa Gitega hakuna kinachogoma. Jina lipo, alama ipo, fomu inakubali. Mtafiti akija kulinganisha idadi ya wagonjwa wa malaria mkoani Gitega mwaka 2024 na mwaka 2026 ataona ongezeko kubwa, na programu haitamwambia kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu wa Karuzi na Mwaro waliokuwapo siku zote na waliohesabiwa kwingine. Mshauri wa sera akipelekewa mchoro huo anaweza kuomba dawa zaidi kwa mahali pasipohitaji, au kusifu mradi uliodaiwa kuvuta watu vituoni. Ukokotoaji ni sahihi, maktaba inafanya kazi kama ilivyoandikwa, na jibu ni batili.

Tiba iko katika umbo la orodha. Orodha inayofaa ina, kwa kila eneo, alama isiyotumiwa tena kwa eneo jingine, tarehe ambayo eneo lilianza, tarehe ambayo liliisha, na eneo kubwa linalolibeba. Gitega ya kabla ya 2025 na Gitega ya baada yake ziwe safu mbili tofauti zenye jina moja. Orodha ya namna hiyo haiwezi kutungwa na watunzaji wa lugha ya programu walioko Ulaya au Marekani, na isiingizwe katika shehena ya lugha yoyote. Mwenyewe ni taasisi ya taifa ya takwimu ikishirikiana na wizara yenye dhamana ya mambo ya ndani. Kinachoweza kuingia katika chaguo-msingi ni msimbo mdogo unaojua kuisoma orodha hiyo popote inapopatikana na kukataa kuendelea ikiwa tarehe yake imepitwa.

4. Saa, fedha na majina

Utenganishaji huo wa chombo na data umekwisha kufanywa vizuri katika jambo moja, nalo ni majira ya saa. Toleo 3.9 la Python, la mwaka 2020, liliingiza maktaba ya kukokotoa majira ya saa za dunia. Kanuni za ukokotoaji zimo ndani ya lugha. Jedwali la nchi gani hufuata saa ipi halimo. Jedwali hilo husomwa kutoka kwenye mfumo endeshi, na pale ambapo mfumo hauna, kutoka kwenye kifurushi cha pembeni kinachosasishwa kila jedwali linapobadilika. Sudani Kusini, mwanachama wa Jumuiya yetu, ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Waliokuwa na jedwali jipya hawakuhitaji kugusa lugha.

Uamuzi huo mzuri una tundu lake, na tundu liko upande wetu. Windows haina jedwali hilo katika umbo ambalo Python inalisoma. Kwenye kompyuta ya Windows isiyo na kifurushi cha pembeni, programu inayouliza saa ya Bujumbura inapata ujumbe wa kosa. Burundi haijabadilisha majira kwa ajili ya kiangazi wala masika, iko saa mbili mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, na bado programu inaanguka kwa sababu ya kifurushi cha ukubwa usiofika megabaiti moja ambacho mtunzaji aliona ni rahisi kukipakua.

Fedha ni jambo fupi. Faranga ya Burundi katika viwango vya kimataifa haina sehemu ndogo, ilhali shilingi ya Tanzania imeandikwa kuwa na senti mia moja. Programu ya ushuru inayotumika Kobero, mpakani mwa Muyinga na Tanzania, ikitumia maktaba inayodhani kila sarafu ina desimali mbili, itachapisha stakabadhi zenye sifuri ambazo hakuna anayezijua, au mbaya zaidi itagawa kwa mia kiasi kisichopaswa kugawanywa.

Majina yana ugumu wa aina nyingine. Django, mojawapo ya mazingira yanayotumika sana kujenga tovuti, humpa kila mtumiaji wa mfumo nafasi mbili: jina la kwanza na jina la mwisho. Warundi wengi hawarithi jina la ukoo. Mtoto hupewa jina lake la Kirundi na jina la dini, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina lolote. Programu inayotafuta familia kwa jina la mwisho itatawanya nyumba moja katika kaya tano. Hapa kilichoingizwa katika chaguo-msingi ni dhana kuhusu jamii, na hakuna sasisho litakaloirekebisha. Atakayeirekebisha ni mwandishi anayejua kwamba chaguo-msingi linaweza kukataliwa.

Tutaje pia jambo dogo linalopoteza saa nyingi maofisini. Majedwali yanayohifadhiwa na kompyuta zenye mipangilio ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, kwa kuwa mkato umeshika kazi ya desimali. Maktaba ya Python ya kusoma majedwali inalimudu hilo ikielezwa. Ni ya zamani, ni ndogo, haibebi data inayochakaa, na hutumiwa na karibu kila ofisi. Ukitaka mfano wa kitu kinachostahili kukaa ndani ya lugha moja kwa moja, ni huo.

5. Ngazi tatu

Mapendekezo yetu yameazima kutoka kwa R, lugha ya wanatakwimu. R husakinishwa ikiwa na vifurushi 14 vya msingi, ambavyo ni sehemu ya lugha, pamoja na 15 vinavyopendekezwa, ambavyo vina watunzaji wao na matoleo yao lakini huja katika usakinishaji uleule. Vingine vyote viko kwenye hazina. Kundi la kati ndilo linalotuhusu, kwani linavunja ule uamuzi wa ndani au nje ambao umewachosha watunzaji wa Python.

Ngazi ya kwanza ni kile kilichomo ndani ya lugha. Burundi haina sauti kubwa hapo, na hakuna haja ya kupoteza nguvu nyingi. Inatosha kujua kilichomo na kuwafundisha wanafunzi wakitumie kabla ya kutafuta kingine. Tumewahi kuona programu inayopakua vifurushi kumi ili kufanya kazi ambayo SQLite na maktaba ya majedwali, zote zikiwa ndani, zingeimaliza kwa kurasa mbili za msimbo.

Ngazi ya pili ni kile kilichochaguliwa kitaifa na kuwekwa karibu. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kwa Gitega, karibu maana yake ni seva iliyo ndani ya nchi inayohifadhi nakala za vifurushi vilivyochaguliwa. Vyombo huria vya kufanya hivyo vipo kwa Python, kwa R na kwa mifumo ya Debian, na haviombi mashine kubwa. Hazina nzima ya Python ni mzigo mkubwa usiohitajika. Vifurushi mia mbili au mia tatu vilivyoteuliwa kwa akili vinaenea kwenye flashi. Kwa Muyinga, karibu maana yake inaweza kuwa flashi hiyohiyo, inayopita Karuzi kwenye mfuko wa mkaguzi anayekwenda huko kwa kazi nyingine.

Uteuzi wa ngazi hii una ugumu ambao orodha za kwenye karatasi huuficha. Kifurushi hakiji peke yake. Anayechagua pandas, maktaba ya uchambuzi wa majedwali makubwa, amechagua pia NumPy na vifurushi vingine inavyovitegemea, na kila kimoja kinapaswa kuwamo kwenye flashi kwa toleo linaloafikiana na vingine. Tena maktaba nyingi za hesabu hazisambazwi kama maandishi ya msimbo tu. Zimekwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani, aina fulani ya kichakataji na toleo fulani la lugha. Flashi iliyotayarishwa Gitega kwenye Linux ya biti 64 haitafaa kwenye kompyuta ya zamani ya Windows ya biti 32 iliyoko Muyinga. Anayechagua maktaba, basi, amechagua pia kompyuta, na kamati isiyo na orodha ya kompyuta zilizopo maofisini itateua kwa ajili ya kompyuta za wajumbe wake.

Ngazi ya tatu ni vingine vyote, na huko kila mtu ana uhuru wake na bando lake.

6. Kinachoingia kinahitaji mlezi

Wapo watakaosema kwamba usalama unadai shehena nyembamba. Historia ya karibuni haiungi mkono hoja hiyo kwa urahisi. Java ina maktaba yake ya kuandika kumbukumbu za matukio tangu mwaka 2002, lakini waandishi wengi walipendelea Log4j, iliyo nje. Udhaifu mkubwa ulipogunduliwa katika Log4j mwezi Desemba 2021, taasisi duniani kote zilitumia majuma kadhaa kutafuta mahali ilipo, kwa kuwa ilikuwa imeingia ndani ya programu za wengine bila kuandikwa popote. Mwezi Machi 2016 kifurushi cha JavaScript chenye mistari 11 ya msimbo, left-pad, kiliondolewa na mtunzi wake, na ujenzi wa programu nyingi ukasimama. Na mwezi Machi 2024 Andres Freund aligundua kwamba maktaba ya kubana mafaili ya xz, inayokuja na mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepandikizwa msimbo wa hila na mtu aliyejipenyeza kwa kumsaidia mtunzaji aliyeelemewa.

Kilichoumiza katika matukio hayo yote ni kukosa mtu aliyejua kilichopo, kilikopatikana na anayekitunza. Nakala ya ndani ya nchi inazuia balaa la left-pad kabisa: kilichokwisha kuhifadhiwa Gitega hakiwezi kuondolewa na mtu aliye California. Lakini nakala hiyohiyo, ikiachwa, inahifadhi pia udhaifu wa Log4j kwa uaminifu uleule. Kwa hiyo ngazi ya pili haifai kuanzishwa bila kalenda. Kwa maoni yetu, mara mbili kwa mwaka kwa mambo ya kawaida na ndani ya siku chache kwa udhaifu mkubwa ni mzigo unaobebeka kwa watu wawili walioajiriwa kwa kazi hiyo. Kila faili liambatane na alama yake ya uthibitisho, yaani mfuatano wa tarakimu unaokokotolewa kutoka katika faili lenyewe, ili anayesakinisha Muyinga ajue kwamba alichopokea ndicho kilichoondoka Gitega. Pip inaweza kufanya ukaguzi huo bila intaneti.

Leseni nazo zina mlezi wake. Mkusanyo wa Anaconda, uliopendwa vyuoni kwa kuleta maktaba za sayansi kwa mkupuo mmoja, ulibadilishiwa masharti kuanzia mwaka 2020, na taasisi kubwa zikaanza kudaiwa malipo. Wizara iliyoufanya kuwa chaguo-msingi imejifunga, pengine bila kujua, kwa uamuzi wa kampuni. Maktaba zilizomo ndani ya mkusanyo huo kwa sehemu kubwa ni huria na zinapatikana kwa njia nyingine. Kilichobadilika ni masharti ya mkusanyo na ya hazina yake.

7. Nani aamue, na kwa kuuliza nini

Hatupendekezi chombo kipya chenye jengo na gari. Kamati ndogo ya walimu wa vyuo, wahandisi wa wizara zinazotumia data na mtu mmoja au wawili kutoka maeneo ya mbali inatosha, mradi iwe na ratiba na seva. Wa maeneo ya mbali wasiwe mapambo. Wao ndio wanaojua kwamba kifurushi cha saa kinakosekana.

Anayependekeza maktaba iingizwe aulizwe mambo machache ya wazi. Ofisi ngapi zinaihitaji leo, na kwa kazi gani? Ina data ndani yake, na data hizo hubadilishwa na nani: mtunzaji, sheria ya nchi, au maumbile? Ikikosekana Muyinga saa nne asubuhi siku ya kazi, mtu atafanya nini? Inaleta vifurushi vingapi nyuma yake? Na ikitangazwa kuwa na udhaifu, ni nani hapa nchini atakayeusoma ujumbe huo? Swali la mwisho likikosa jina la mtu au la ofisi, maktaba hiyo ibaki ngazi ya tatu, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Mikataba ya ununuzi wa programu za umma nayo iguswe. Mkandarasi adaiwe orodha kamili ya maktaba alizotumia pamoja na matoleo yake, na adaiwe kuonesha kwamba programu inasakinishika kwenye kompyuta iliyochomolewa intaneti, kwa kutumia nakala ya ndani pekee. Jaribio hilo halichukui zaidi ya nusu siku, na linafichua mengi kuliko mawasilisho ya siku ya makabidhiano.

Liko jambo moja ambalo orodha za maktaba huwa hazilitaji, nalo ni maelezo ya matumizi. Maelezo rasmi ya Python yanapatikana kwa Kifaransa, na kifurushi chake kizima hakizidi makumi machache ya megabaiti. Kiwekwe kwenye flashi ileile. Kando yake kuna nafasi ya kurasa chache za Kirundi na Kiswahili zinazoeleza orodha ya mikoa yenye tarehe, sarafu isiyo na senti na nukta-mkato ya majedwali ya Kifaransa, kwa kuwa hayo hayataandikwa na mtunzaji yeyote wa lugha aliye mbali, na mwanafunzi wa Muyinga atayahitaji katika juma lake la kwanza la kazi.